Mti Mkubwa Haukuwa Kuni

Kuni za kale kuliko zote ninazozijua katika mkoa huu wa Songwe zilipika chumvi. Shuka Momba hadi bonde la Rukwa, fika Ivuna, utakuta chemchemi za maji ya chumvi na ardhi iliyojaa vigae. Brian Fagan na John Yellen, wanaakiolojia, walichimba pale wakachapisha matokeo yao mwaka 1968: watu walikuwa wakipika chumvi Ivuna tangu karibu karne ya 13. Wakachuja, wakachemsha, wakasubiri maji yakauke chunguni, na vyungu vilipopasuka wakavitupa wakaleta vingine. Mimi si msomi, ni fundi wa chenso, na swali langu ni la kifundi. Chungu cha maji ya chumvi hakikauki kwa moto wa majani. Kuni zao walikata kwa kitu gani?

Nauliza kwa sababu hapa Tunduma, mpakani, ninasikia sana watu wakisema chenso ndiyo iliyokuja na njaa ya kuni. Sikubali. Njaa ya kuni ni ya zamani kuliko mpaka wa Zambia, na ni ya zamani kuliko Tunduma yenyewe. Kilichokuja na chenso ni kitu kingine, na ili mtu akione lazima kwanza aelewe shoka.

Chuma hakikutoka mbali. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Beverley Brock na P. W. G. Brock waliandika habari zao mwaka 1965, wakati wazee waliokumbuka kazi ile bado walikuwapo. Tanuru lilikuwa la udongo, refu kumzidi mtu, likivuta upepo lenyewe kwa mirija ya chini, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa kwenye tanuru dogo la mivukuto. Moto wote huo ulikuwa wa mkaa. Kwa hiyo tazama mzunguko wenyewe: shoka linakata mti, mti unakuwa mkaa, mkaa unayeyusha jiwe, jiwe linakuwa shoka. Babu yangu mzaa baba alitoka kwenye ukoo wa wafua chuma, ingawa yeye hakuyeyusha jiwe. Alikuta majembe ya Ulaya yameshajaa madukani na matanuru yamebaki vichuguu. Yeye alifua chakavu.

Shoka la kwetu si la tundu kama yale ya dukani. Ni bapa la chuma lenye mkia mwembamba, na mkia huo unapenya kichwa cha mpini, pale mti ulipo na kifundo kinene. Babu aliutia mkia motoni hadi ukawa mwekundu, akatoboa mpini kwa kuuchoma, moshi ukatoka kama wa nyama, kisha akalitumbukiza shoka zima kwenye maji usiku kucha ili mti uvimbe na kukibana chuma. Asubuhi hakuruhusu mtu alipeleke kwenye mti mgumu. Siku ya kwanza lilikatia mti laini mbichi, tena matawi tu. Likilegea, linarudi majini. Likishika, ndipo linakwenda kwenye mtundu.

Mtundu na ndugu zake ndio msitu wetu, miombo hii inayochipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha. Mtundu mkavu ni kuni bora na adui wa shoka. Mtu mzima mwenye nguvu akilikabili shina lililokomaa kwa shoka lile jembamba, jua litamzamia. Ndiyo maana hakuna aliyefanya hivyo kwa ajili ya kuni. Mti mkubwa ulikatwa kwa ajili ya mzinga, kinu, mtumbwi au nguzo. Kuni zilikuwa matawi, fito, miti midogo iliyokauka yenyewe au iliyouawa na moto wa nyika, na waliozileta ni wanawake, kichwani. Hata ng'ambo ya mpaka, Wabemba walipokata msitu kwa ajili ya ulezi walipanda mtini wakapogoa matawi, wakayarundika na kuyachoma, wakauacha mti umesimama. Audrey Richards aliwaona wakifanya hivyo miaka ya 1930. Mti uliopogolewa hurudisha matawi. Mti wa miombo ukikatwa shina nao huchipua, kama kisiki hakikuchomwa na mifugo haikula machipukizi, lakini hilo huchukua umri wa mtoto kuwa mzazi.

Kwa hiyo shoka lilikuwa linachagua kwa niaba ya mtu. Msitu haukulindwa na sheria wala na hekima ya wazee, hata kama wazee wetu tunapenda kuwapa sifa hiyo. Ulilindwa na uchovu wa mkono.

Msumeno ulipofika haukubadilisha hilo mara moja. Wamoraviani walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Kanisa na nyumba zilihitaji mbao, na mbao zilihitaji msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linawekwa juu ya shimo au jukwaa, mmoja anasimama juu akiangalia mstari, mwingine yuko chini anakula unga wa mbao. Nimewahi kuvuta msumeno ule ujanani kwa wapasuaji wa kule Ileje, na sitamani kurudi. Lakini ulikuwa na adabu yake: njia ya meno yake ni nyembamba, mbao hazipotei. Tena hakuna mpasuaji aliyepasua gogo zuri la mninga akaliita kuni. Kuni zilibaki maganda na vichwa vya magogo, na hizo walichukua wake zao.

Miaka ya 1920 dhahabu ilionekana Lupa, na mwishoni mwa miaka ya 1930 mgodi wa Saza, ambao leo uko wilaya ya Songwe, ukaanza uzalishaji, ukaendelea hadi miaka ya 1950. Mgodi hula miti kwa mdomo mwingine: matimba, yale magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie watu. Wachimbaji wadogo wa Mkwajuni na Saza bado wanayahitaji, na ni wateja wangu wazuri, wanalipa taslimu. Nawapita haraka kwa sababu wao hununua chenso iliyokwisha kutumika, na leo nataka kusema juu ya mpya.

Kilichoigeuza Tunduma ni barabara. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na tope ambayo madereva Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970, ikafika hapa mpakani mwaka 1973, ikakabidhiwa 1976. Usidhani reli ilimaliza msitu kwa mataruma. Mataruma yake ni ya zege kwa sehemu kubwa. Kilichomaliza ni watu waliokuja nayo na waliobaki: vibanda vya chakula, nyumba za wageni, matofali ya kujengea nyumba hizo, na tanuru la kuchomea matofali hayo. Wakati huohuo, tangu 1973, Operesheni Vijiji ilikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani, ikazipanga mahali pamoja. Kaya nyingi zikachukua kuni upande mmoja wa kijiji. Mama yangu alianza kuondoka gizani.

Malori yalituletea pia springi. Springi ya lori iliyovunjika ni chuma bora cha shoka kuliko chochote alichokipata babu, na wafua chuma wote wa barabara hii, kuanzia Mlowo hadi mpakani, waliishi kwa springi. Shoka likawa rahisi na gumu kwa wakati mmoja. Mikono ilikuwa ileile, lakini mashoka yalikuwa mengi.

Sasa chenso. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza ya umeme mwaka 1926, kisha ya petroli mwaka 1929, na hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 46, hivyo iliwahitaji watu wawili. Kwa mkata kuni wa Momba hiyo ni hadithi tu. Kazi ilirahisishwa na cheni. Mmarekani Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, alimchunguza funza wa mti anavyotafuna kulia na kushoto badala ya kukwangua moja kwa moja, akachonga meno ya cheni kwa mfano huo, na mwaka 1947 akafungua kiwanda. Cheni zote ninazozinoa leo kwa tupa, za Kijerumani, za Kiswidi na za Kichina, zina meno ya funza yule: moja linageukia kulia, jingine kushoto.

Tanzania chenso zilitumika kwenye mashamba ya miti ya serikali, kama Sao Hill kule Mufindi. Huku kwetu kwa muda mrefu chenso ilikuwa ya mtu mwenye kibali kikubwa na lori lake. Ile nzito ya Stihl, 070, injini ya sentimita za ujazo zaidi ya 100, kilo zaidi ya 10 kabla hujafunga upanga na cheni, ilikuja kuwa mfalme wa misitu ya nchi hii, na mpaka leo mtu akitaka kuonekana ana mashine anaitaka hiyo. Kisha miaka ya 2010 magogo ya mkurungu yalipopata soko Uchina, Zambia wakaufunga na kuufungua uvunaji mara kadhaa, na malori yakapita Nakonde, upande wa Zambia, na Tunduma yakienda bandarini. Banda langu lilijaa. Vijana waliokwenda kukata ng'ambo walirudi na mashine na kazi mkononi, na mkurungu ulipokatazwa tena, mashine hazikwenda kulala. Baadaye zikaja za Kichina za bei ambayo vijana watatu wakichangishana wanaimudu. Hapo ndipo chenso ilipoingia kwenye kuni.

Nieleze sasa jinsi ninavyoikabidhi mpya, maana hapa ndipo ninapomjua mteja. Anakuja kijana, aghalabu amesindikizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaenda kukatia nini?"

"Kuni za tanuru, mzee. Iko tayari?"

Haiko tayari. Inayotoka kwenye boksi ni vyuma ambavyo bado havijazoeana. Ringi za pistoni hazijakaa kwenye silinda, cheni haijavutika. Matangi matatu ya kwanza usiipigie resi hewani, kwa sababu bila mti wa kuizuia itapaa mizunguko, itapata joto, na ringi zitakwangua badala ya kukaa. Ndani ya mti ipe resi kamili, hapo injini ina kazi. Kuikatisha mti kwa nusu resi ukidhani unaihurumia ni kuitesa. Ukitoa upanga mtini, achia kidole. Nguvu yake yote itakuja baada ya matangi matano, kumi, mengine hata kumi na tano. Vijana wengi hufanya kinyume: mtini wanaogopa, mtaani wanapiga resi ili mtaa mzima wa Sogea ujue wamenunua.

Mafuta. Kwenye dumu la lita 5 za petroli, oili ya mtengenezaji mwenyewe huwekwa mililita 100. Oili ya kawaida ya injini za kuchanganya, mililita 200. Wako mafundi wanaosema mpya iongezewe oili mara mbili ili ilainike. Siwaungi mkono. Oili ikizidi, petroli inayoingia inapungua, injini inachoma kwa joto zaidi na plagi inaziba. Na ile oili chafu ya malori, ambayo Tunduma inapatikana bure kila kona, ndiyo wanayopenda kulainishia cheni. Ina vumbi la chuma ndani. Kwa mashine kuukuu nafumba macho. Kwa mpya nakataa kuimwaga kwa mkono wangu.

Cheni mpya naiacha kwenye oili safi usiku mzima. Ikianza kazi inavutika haraka, kwa hiyo kila baada ya kukata kidogo unazima, unasubiri ipoe, unakaza mpaka iguse upanga kwa chini na bado ivutike kwa vidole vyenye glavu. Jioni unailegeza. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto husinyaa ikipoa, na baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo. Asubuhi utakuta imeukaba upanga na ekseli ya injini.

Mti wa kwanza uwe mkaratusi mbichi, unene wa paja, umelazwa juu ya magogo mengine ili cheni isiguse udongo. Usiipeleke kwenye mtundu mkavu, wala mti wowote uliopitiwa na moto wa nyika: ganda la mkaa limeshika mchanga, na meno mapya yatakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Ninapolisema hili namsikia babu na shoka lake la maji, ingawa yeye na petroli hawakujuana.

Kisha kuna jambo ambalo halijaandikwa kwenye kijitabu cha ndani ya boksi kwa namna ambayo mtu wa Momba angelielewa. Tunduma iko juu, mita zaidi ya 1,500. Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Mashine niliyoirekebisha hapa, kwenye hewa nyepesi, ikishushwa Kamsamba, bondeni, inakuta hewa nzito; petroli inakuwa kidogo kwa hewa ile, mlio unakuwa mwembamba mtamu, kijana anafurahi kwamba imechanganya, na kabla ya siku kuisha imenoki. Silinda imekwanguka. Kwa mashine yenye kabureta ya skrubu, ukifika bondeni fungua ya mafuta kidogo kabla hujakata chochote. Nimewarudisha wengi bisibisi mkononi na maelezo haya. Wachache hurudi na silinda iliyokwanguka.

Kama unataka kujua kilichobadilika katika historia ya kuni za Songwe, kiko kwenye jibu la yule kijana: kuni za tanuru. Tanuru la matofali halitaki fito. Linataka magogo manene yanayowaka siku kadhaa mfululizo, na shimo la mkaa hivyohivyo, na mabani ya kukaushia tumbaku kule inakolimwa hivyohivyo. Shoka lilikuwa likiuruka mti mkubwa. Chenso inaanza nao, kwa sababu ndio unaolipa: mti mmoja wa miaka mingi unajaza trip ya kenta, fito hazijazi. Kwa mara ya kwanza shina lililokuwa la mzinga au la mbao likawa kuni. Na kuni zilitoka kichwani kwa mama zikapanda gari la baba. Wanawake bado wanakwenda porini, kuokota vichwa na matawi ambayo wenye chenso wameyaacha, na nikiwa mkweli, katika vijiji vingine kazi yao imekuwa nyepesi kwa miaka michache kwa sababu mabaki ni mengi. Baada ya hapo hakuna mabaki.

Hata upasuaji wa mbao uliathirika. Cheni inafungua njia ya karibu milimita 8 hadi 10 kila inapopita. Msumeno wa babu zetu uliishia kwenye nusu ya hapo au pungufu. Gogo la mninga likichanwa kwa chenso, ubao mzima unabaki chini ukiwa unga.

Sheria ilikuja na kuja tena. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni ya 1957, Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ikaanza kazi 2011, na leo mtu hakati hata kuni za biashara bila leseni, wala hasafirishi bila hati. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Ilidumu muda mfupi tu, maana miji ilikuwa haina kingine cha kupikia. Safari hii wamekuja kwa upande wa jiko. Taasisi zinazopikia watu wengi, shule na magereza, zimeambiwa ziache kuni, na Mei 2024 ulizinduliwa mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono, na mke wangu anapikia gesi. Ila tanuru la matofali halina mtungi wa gesi, na Tunduma haijaacha kujenga hata siku moja.

Nikiangalia kazi ninayopokea, naona mabadiliko madogo ambayo hayako kwenye mkakati wowote. Wazee wa Mbozi wenye kahawa wananunua chenso ndogo, ya kukatia mibuni iliyozeeka ili visiki vichipue upya, na ya kuangusha mikaratusi waliyoipanda wenyewe pembezoni mwa shamba. Mkaratusi mchanga unachipua kisikini bila kubembelezwa, na kwa miaka michache unene wa paja unarudi. Hawa ndio wanaokaa kitini wakasikiliza habari ya matangi matatu hadi mwisho, wengine wanaandika. Mzee mmoja wa Vwawa aliniletea mashine yake mpya aikazie cheni mbele yangu, nione kama anakosea. Hakukosea. Kwa wateja wa namna hii nimeanza kuagiza upanga mfupi na tupa nyembamba, kwa sababu zile nilizokuwa nazo zote zilikuwa za cheni ya 070.